Mgongo wa Anselmi

Jumanne asubuhi huko Yakobi, baridi ya mwezi wa saba ikiwa haina mchezo, Conjesta alikuwa anamsugua mumewe mgongo kwenye beseni. Muda mfupi kabla, simu ya Conjesta, ambayo humsomea maandishi kwa sauti kwa kuwa haoni, ilikuwa imefungua tangazo la ofisi ya ajira. Ilisema "picha," ikanyamaza.

Mwaka jana ilisema hivyohivyo, kumbe jina lake lilikuwamo. Alikuja kuambiwa kanisani, usaili umepita wiki tatu. Alilia siku mbili. Mwalimu mzima, cheti kabatini, kutwa anamenya viazi!

Chini ya bega la kushoto la Anselmi vidole vyake vilisimama. Vipele vya baridi vilikuwa vimejipanga kwa nukta nundu, maandishi ya wasioona ya kusomwa kwa vidole.

"Baba Nelly, usitikisike," alisema. "Nimeitwa kwenye usaili. Makambako, keshokutwa, saa mbili asubuhi."

"Soma upesi basi, mama, naganda."

Alisoma hadi mhuri, ambao ulikuwa umegongwa kombo karibu na kiuno. Kisha akammwagia maji ya moto.

Makambako maswali nayo yalikuwa picha kwenye kompyuta. Msimamizi, Bi Margareth, alimwandikisha Anselmi kwenye daftari la wageni, akafungua dirisha ili baridi iingie, akamsihi asipige chafya mkewe akimsoma mgongo. Conjesta alifaulu, akapangiwa shule ya jirani. Furaha aliyokuwa nayo, hata sufuria za nyumbani zilisikia.

Habari hazina miguu lakini zinatembea. Ikawa kila Jumamosi wasioona wa Yakobi na wa mtaa wa Ramadhani wanakuja kusoma matangazo ya wiki. Mmoja wao, Mzee Elieza, husalimia "kamwene" kwanza, kisha ndipo huugusa mgongo. Alilalamika mara moja tu, kwamba mafuta yanafuta aya ya pili, na Anselmi akaacha kujipaka. Hakumaliza darasa la tano, ila siku hizo alikuwa anatembea kama diwani.

Afisa wa ofisi ya ajira alifika kujionea. Alikunywa chai, akapongeza, akaupiga mgongo picha.

"Ombi letu ni moja," Conjesta alimwambia. "Wekeni maandishi ambayo simu inaweza kuyasoma. Basi."

"Lakini mwalimu, si tayari mna utaratibu mzuri?"

Ijumaa iliyofuata simu ikasema "picha." Anselmi akavua sweta bila kuambiwa.

"Wanasemaje?"

"Wasioona wote wa mkoa huu waje kusoma matangazo mgongoni kwako. Wameweka mtaa na namba yako ya simu."

"Watajuaje, na tangazo lenyewe ni picha?"

"Sisi ndio tumejua. Wa Makambako hawatajua."

Alisoma mpaka kwenye mhuri, akamfunika blanketi, akaenda kuchochea moto.