Sauti Yangu Katika Sale ya Maprofesere

Henri ni mutoto wa dada yangu mudogo. Dada alikufa, nikamulea miye, nikamufundisha hata kupangusa kamasi. Leo ni profesere wa mawasiliano. Alisoma Bukavu, akasoma Kinshasa, akasoma Bulaya, akarudi na miwani na neno moja mudomoni: numerike, ndiyo mambo ya simu na kompyuta. Anatafuta kujua namna familia za Goma zinasemezana katika simu. Kazi nzuri. Kumbe mutu anaweza kusikiliza umbeya na wakamuita mwenye akili. Sisi wengine walituita wambeya.

Siku ya somo lake kubwa katika sale, ule ukumbi wa iniversite, familia yote tulienda, tumevaa kitenge cha namna moja. Hata bakwe tuliwaalika: Mama Cibalonza wa Himbi, mama ya Florent, yule anayetaka kumuoa mujukuu wangu Élodie. Mbuzi ya posa ilikuwa imekwisha kufika, ndoa ilikuwa karibu. Nikamukalisha Cibalonza kando yangu, pale mbele, ili aone tuko watu wa namna gani.

Aliona.

Henri akaonyesha diploma zake ukutani, moja kisha ingine, tukapiga vigelegele. Akasema sasa tusikilize mufano wa odio kutoka grupu ya WhatsApp ya familia moja. Akabonyeza. Sauti ikatoka nguvu kama ya kanisa:

"Wapendwa, mbuzi ya bakwe imefika. Nimeiuliza kama imekuja kwa harusi ao kwa hospitali. Mifupa ndiyo ilinijibu."

Sale nzima ikacheka. Profesere mumoja akaondoa miwani apanguse machozi. Miye nilikuwa natafuta shimo chini ya kiti.

"Anayesema ni mama muzee wa Keshero," Henri akaeleza, kifua mbele. "Jina tumelificha, kwa heshima."

Jina amelificha. Kila Siku ya Mungu, kisha misa, ni hii sauti yangu inayotangaza wafu na wagonjwa wa shirika yetu. Hata mbwa za Keshero zinaijua. Na kwetu, neno juu ya bakwe unalisema nyuma ya lupango lako, ndani ya uzio, hata likiwa baya namna gani, na hakuna kosa. Kosa ni kulifikisha kwenye sikio lao.

Cibalonza akasimama, akakaza kitenge chake. "Mama Valérie, asante kwa mualiko. Ile ndoa, tuiache kwanza."

Nikamungojea Henri mulangoni.

"Mama mukubwa, umesikia namna walipenda?"

"Nani alikupa ruhusa?"

"Lakini sikukutaja. Hakuna mutu aliyekujua."

"Cibalonza amenijua. Na Élodie analia katika choo cha iniversite yako. Nenda umufanyie utafiti."

Desturi yetu ni hii: aliyepeleka neno, yeye ndiye anaenda kuliondoa. Juma iliyofuata nikamupeleka Henri kwa Cibalonza kule Himbi, akapiga magoti kwenye saruji na suruali yake ya Bulaya. Roho ya Cibalonza ikaanza kulainika.

"Tuseme kweli," akaniambia. "Ile mbuzi, hata miye ilinipa haya. Bwana yangu ndiye aliichagua, nikamugombeza usiku—"

Pale nikaona simu katika mufuko wa shati ya Henri. Ilikuwa inawaka.

"Henri, iyo simu inafanya nini?"

"Mama mukubwa, maongezi ya upatanisho ni haba sana katika utafiti, nilifikiri—"

Nilitaka kumupiga viatu, yeye na maprofesere wake wote. Lakini Cibalonza alinitangulia, akanyoosha mukono.

"Leta."

Akaleta.

"Toka inje."

Akatoka, magoti yake meupe na vumbi. Cibalonza akaweka simu chini ya paja lake, akaikalia.

"Huyu ni weye ulimulea?"

"Ni miye."

"Pole, mukwe wangu." Akasogea, akanipa nafasi kwenye kiti chake kirefu. "Kaa hapa tuongee ya watoto wetu. Na sauti yako, iteremushe."

Tukapanga ndoa yote, tangu misa mupaka ndizi. Henri alikuwa anapiga hodi, anaomba simu yake. Hatukumufungulia.