Kazi Safi ya Satrio

Siku ya nane baada ya Kaisari Domitiano kuuawa Roma, sanamu yake ilikuwa imelala kifudifudi sokoni, kamba ingali shingoni. Satrio, mchonga mawe wa mji, aliiruka na mfuko wake wa patasi begani, akaenda zake ukumbini.

Baraza la mji lilikuwa limemwagiza afute jina la marehemu kwenye jiwe la ukumbi, kila lilipotajwa. Jiwe hilo alilichonga mwenyewe miaka kumi na minne nyuma. Lilibeba barua ya Kaisari, iliyowaachia wenyeji vipande vya ardhi vilivyobaki pembeni baada ya upimaji wa zamani. Kipande kimoja alikilima dada yake, Tertulla, mjane.

Tertulla alimkuta juu ya ngazi. Akamwomba apitishe patasi juujuu tu, ili siku ya shida jina lisomeke jua linapolipiga jiwe kwa ubavuni. Satrio akamkatalia. Mtu yule alikuwa muuaji, alisema, na hilo hakulipata kwa kusikia: Vesidio, aliyemfundisha kazi, alikatwa kichwa kwa mzaha alioutoa karamuni.

"Najua, mdogo wangu. Mkewe nililia naye," Tertulla alisema. "Kaisari aliua watu, na mimi akanipa shamba. Ungekuwa na akili ungeacha yote mawili yasomeke."

"Vesidio angekuta nimekwaruzakwaruza hivi, angenitandika kwa nyundo."

"Vesidio halimi. Mimi ndiye ninayelima."

Aliondoka bila kuaga. Jina lilikuwa juu, pamoja na vyeo, na chini tena, kwenye tarehe, kwa kuwa mwaka hutajwa kwa jina la konsuli, mkuu wa serikali wa mwaka huo, na mwaka ule konsuli alikuwa Kaisari mwenyewe. Kila lilipotajwa, baraza lilisema. Satrio alichimba kupita kina cha herufi, akasawazisha, akasugua kwa mchanga na maji mpaka kiganja kikateleza.

Mwezi wa kumi na moja Herennio, mjumbe wa baraza aliyepakana na shamba la Tertulla, alifungua kesi kulidai. Barua, alidai, haina mwandishi wala mwaka. Kipande kile hakikutolewa na mtu yeyote. Tertulla alipoulizwa nani alimpa, akalitaja jina. Ukumbi mzima ukainamisha macho. Hakimu akamwambia karani asiliandike. Kuhusu nakala ya barua iliyopo Roma, akasema haoni nani atakayefungua sanduku la nyaraka za mtu huyo mwaka huu.

Satrio akasimama bila kuitwa. Alieleza kwamba jina lilikuwepo, kwamba alilichonga yeye na akalifuta yeye. Kisha akaongeza jambo ambalo hakuwahi kulitamka hata nyumbani: mtu yule alimuua mwalimu wake bure, lakini katika shauri la ardhi hii aliamua kwa haki, kuliko wote waliomtangulia. Nyuma mtu akaguna. Herennio akauliza kama fundi naye anataka kulala sokoni kifudifudi, wachache wakacheka.

Hakimu akalisogelea jiwe. Akapapasa mistari ya juu kwa vidole, akainama akapapasa tarehe, akarudia tena.

"Hapa hakuna kitu," alisema. "Umefanya kazi safi, fundi."

Asubuhi iliyofuata ng'ombe wawili wa Herennio walivuka mpaka wa Tertulla wakikokota plau.