Wimbo wa Kuwaaga

Hapa kwenye kituo chetu cha kulelea watoto hakuna mgeni anayepanda gari kabla watoto hawajamaliza wimbo wa kwaheri. Ndiyo desturi yetu, na mimi mpishi imenichosha. Wanaojitolea huja, hupendwa, hulia machozi ya kweli, kisha huondoka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa jembe hulishika bila kuambiwa. Wakishaliacha, nani wa kuliokota?

Safari hii waliondoka Dada wa Mazoezi na wenzake. Kila asubuhi Dada alikuwa akimnyoosha Kidoti mguu kwenye mkeka jikoni kwangu, na mtoto alikuwa ameanza kusimama bila kushika meza. Kazi ile hakuna mwingine aliyeijua. Nilijaribu mimi, akapiga yowe, nikaacha.

Kidoti ndiye kiongozi wa wimbo. Yeye huanzisha, wenzake huitikia, na wimbo hauishi mpaka yeye anyamaze. Siku hiyo hakunyamaza. Aliaga viatu vya Dada. Akaaga mkoba wake, kofia yake, mswaki wake. Watoto wakaitikia huku wakicheka, wageni wakapiga picha. Akaaga sufuria zangu, ambazo haziendi popote. Hapo ndipo nilipomwelewa, moyo ukaniuma.

"Mama Mlezi, mwambie anyamaze, watachelewa ndege," dereva akamwambia mkuu wa kituo.

"Mwambie wewe kama unaweza," nikamjibu, ingawa sikuambiwa mimi.

Sauti ilimkauka akiaga mlango wa choo. Midomo ilikuwa bado inacheza. Dada akamkumbatia, akalia, akasema, "Endelea na mazoezi, mdogo wangu." Akapanda gari. Aendelee na nani? Nilitamani kumtupia mwiko.

Jumatatu wakaja wapya, vijana wacheshi, kupaka rangi ukuta ambao wenzao waliupaka juzijuzi tu. Kidoti alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki. Alimwuliza wa kwanza kushuka, "Wewe unajua miguu?"

Mgeni akatabasamu, akampa pipi.

Mama Mlezi akapiga makofi. "Haya Kidoti, tuwakaribishe wageni!"

Kidoti akavuta pumzi, akaanza. Ulikuwa ule wa kwaheri. Wenzake wakatazamana, kisha wakaitikia, na wageni, ambao hawakuelewa hata neno moja, wakacheza na kutushukuru.