Gavana wa Ghorofa ya Nne

Lifti ilikuwa mbovu tena, kwa hiyo Jokha alipanda ngazi mpaka ghorofa ya nne, akatoa ufunguo kwenye kisanduku kilichobanwa ukutani, akafungua mlango wa Bwana Ormond na kusema, "Hodi." Kisha akasubiri. Alikuwa na wazee kadhaa wa kuhudumia katika mitaa ya Lewisham, na kote alipiga hodi na kusubiri, ingawa hakuna aliyejua la kumjibu. Mtu wa Pemba haingii nyumba ya watu kama paka.

Kwa wengine alijiitikia mwenyewe, "Karibu," akaingia kufanya kazi. Kwa Bwana Ormond mambo yalikuwa mengine. Siku ya kwanza mzee huyo alimsikia akijiitikia pale mlangoni, akadhani anatajiwa Karibi.

"Ndiko nilikotoka," alisema kutoka kwenye kochi. "Nani amekwambia?"

Jokha alimweleza kwamba karibu ni neno la kumwambia mtu aingie, na vilevile ni kitu kisicho mbali. Bwana Ormond alilipenda neno hilo kuliko dawa zake zote. Tangu hapo Jokha akipiga hodi, yeye huitikia "Karibu!" kwa sauti ya mtu mwenye nyumba kubwa. Mara nyingi hilo ndilo neno pekee alilomwambia binadamu kwa siku nzima, ukiondoa asante ya uji.

Jumatatu ile aliitikia kama kawaida, na Jokha alipoingia alikuta bahari imefika kwenye zulia la ukumbini. Alivua viatu, akakunja suruali ya kazi mpaka magotini, akapita majini kwenda jikoni. Maji yalikuwa ya vuguvugu, na kwa mwezi wa Februari hilo halikuwa jambo la kudharau.

"Yameanza lini?" aliuliza akikoroga uji.

"Jana. Nilikuwa najifunza kulitamka neno lako vizuri."

Katikati ya wiki kisiwa kizima kilikuwa kimeshafika. Kiliitwa Odila. Kwenye ramani ya Karibi kilikuwa punje moja kati ya punje nyingi, kama makombo ya mkate kwenye kitambaa cha meza. Kaskazini yake ilikaa sebuleni, pamoja na mji mpya na halmashauri ya kisiwa, ambayo wajumbe wake walikaa kwenye kochi na kwenye viti vya kulia chakula. Bandari ilikuwa jikoni. Ukumbi ulikuwa shingo ya kisiwa, nyembamba, yenye upepo. Na kusini, chumbani kwa Bwana Ormond, palikuwa na mlima, na chini ya mlima kijiji cha Bethesda chenye kanisa lisilo na paa. Kaburi la mkewe, Usha, lilikuwa kati ya kabati la nguo na dirisha.

Mlima huo ulikuwa umelipuka zamani, Bwana Ormond akiwa bado na meno yake yote, na Usha akiwa kaburini kwa mwaka mmoja tu. Gavana wa wakati huo, ambaye kama magavana wote wa Odila alikuwa ametumwa kutoka London, aliwahamishia watu wote kaskazini na kusema ni kwa muda mfupi. Ukachorwa mstari, kusini ikafungwa. Mlima ulipoa, majani yakaota, mbuzi wakarudi Bethesda bila kumwomba mtu. Watu walibaki wakiomba. Bwana Ormond alikuja London kwa hesabu nyepesi: kama wanaoamua wako London, basi akae karibu na masikio yao. Kila mwaka aliuliza kama anaweza kwenda kung'oa magugu kwenye kaburi la mkewe na kuandaliwa nafasi yake pembeni, na kila mwaka aliambiwa kwa adabu kwamba jambo hilo linafikiriwa.

Sasa alichukua kigari chake cha kutembelea, akakisukuma ukumbini maji yakimpiga miguuni, akaingia chumbani mwake na kuketi kando ya Usha. Alishinda hapo aking'oa magugu. Jokha alimletea chai na kumkuta amechana nywele, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu wafahamiane.

Naye Jokha alianza kuchelewa kuondoka. Hakuwa na haraka ya kurudi kwake. Alikuwa ameondoka Wete, kwao Pemba, mwaka ule ambao watu wa Wete hawahitaji kuutaja, baada ya uchaguzi uliomwaga damu, na mtoto mgongoni. Mtoto huyo, Zahra, sasa alikuwa mtu mzima kule Leeds, na mama yake akimtumia ujumbe wa sauti wa dakika tatu, yeye hujibu kwa picha ya dole gumba. Jokha alikuwa mpweke, na hakujidanganya kuhusu jambo hilo. Chumbani kwa Bwana Ormond aliketi kwenye jiwe akanusa chumvi, na watu wa Odila wakipita walimsalimu. Alijisikia mtu kati ya watu.

Siku ya Alhamisi maji yalijaa kuliko siku nyingine. Kutoka chumbani haikuwezekana mpaka yatoke, kwa hiyo Jokha alimpigia simu Emérence, mwanamke wa Bukavu aliyekuwa akipanga zamu za wahudumu ofisini.

"Nitachelewa kwa mzee wa pili," alisema. "Maji yamejaa. Nangoja yakupwe."

"Maji imejaa? Ndani ya nyumba?"

"Ndani, ndiyo. Lakini usijitie shaka, yatakupwa mchana."

"Nani atakupa?"

"Hakuna wa kunipa, Emérence. Nnasema yatakupwa. Yatatoka yenyewe."

"Mama Jokha, maji haitokake yenyewe. Bakia hapo. Natuma plumber."

Emérence hakuwa na kosa. Alikulia kando ya ziwa, na ziwa la kwao hukaa pale pale Mungu alipoliweka. Kwake yeye, maji yakijaa nyumbani, mtu amesahau bomba. Jokha aliitazama simu iliyokwisha kukatwa, akaona si neno, fundi akija atakunywa chai aondoke.

Fundi aliitwa Vinod. Alivua buti, akafunga koki kubwa ya jengo, akangoja. Maji yakabaki yalivyo. Akachovya kidole, akaonja, akatema kwenye kikombe kwa heshima. Alikuwa mtu mkweli, na ukweli wake ndio uliowaponza: hakuandika kwamba bomba limepasuka. Aliwaambia wakubwa wake kwamba ni bahari. Wakubwa wake walisema bahari si kazi ya ofisi ya majumba, wakaipeleka juu, kwa ofisi inayoshughulika na bahari za mbali. Ofisi hiyo ikamrudia Vinod na swali moja tu, kama ndani ya bahari hiyo kuna kisiwa. Vinod akasema kipo, na kina watu, tena watu wazuri, wamempa samaki.

"Basi watahitaji gavana," ofisi ikasema.

Jokha alipopata habari hizo alijipiga paji la uso. Angesema tu kwamba amechelewa basi. Lakini maji yakishamwagika hayazoleki, na haya hata yalikuwa hayajamwagika.

Gavana alifika Jumanne kwa treni ndogo isiyo na dereva, akapanda ngazi kama watu wengine. Alikuwa mwanamume mrefu mwenye koti la mvua, na kofia yake ya manyoya meupe ilikuwa ndani ya mfuko wa dukani ili isilowe. Hakuwa mtu mbaya. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alimpa mkono kila mjumbe wa halmashauri, akaisifu hali ya hewa, akavaa kofia, akasoma kiapo akiwa amesimama mbele ya friji. Kisha akauliza kusini iko wapi, wakamwonyesha, na kabla chai haijapoa alikuwa ameshabandika utepe mwekundu na mweupe kwenye mlango wa chumba cha kulala. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema Waswahili. Huyu alikuja, mwenyeji akakosa kitanda.

"Ni kwa usalama wenu," alisema.

"Mlima umepoa," alisema Bwana Ormond. "Nimelala chini yake wiki nzima. Unakoroma kidogo tu."

"Naamini. Lakini mstari upo tangu zamani, na mimi siwezi kuufuta. Nitauliza."

Jokha alikuwa akikunja mashuka aliyowahi kuyatoa chumbani. "Nani amekuchagua wewe?" aliuliza.

"Nimeteuliwa."

"Kwetu angalau kura hupigwa."

"Hata huku zinapigwa," gavana alisema, akionyesha kochi lenye wajumbe. "Lakini si kwa ajili yangu."

Alisema hivyo bila kejeli. Saa kumi na moja jioni alirudisha kofia kwenye mfuko na kuwahi treni ya kwenda kwake.

Halmashauri ilikutana kesho yake. Mwenyekiti alikuwa Bi Placida, mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba, aliyechaguliwa na watu wa Odila mara nyingi mpaka wakaacha kuweka mtu wa kushindana naye. Alitoa hoja kwamba kusini ifunguliwe, na wajumbe wote wakainua mikono, hata yule aliyekuwa amesinzia. Gavana akawashukuru. Akaeleza kwamba halmashauri iko huru kuamua kuhusu barabara, shule na sikukuu, ila ulinzi, mambo ya nje na mlima ni mambo ya London. Angepeleka ombi lao London.

"London ndiyo hiyo," alisema Bi Placida, akionyesha dirishani, ambako basi jekundu lilikuwa likipita.

"Najua," alisema gavana. "Lakini kuna utaratibu."

Kuanzia hapo Bwana Ormond alilala sebuleni, kwenye kochi, na wajumbe wakijadili barabara walimfunika miguu. Mbuzi waliruka utepe wakaingia na kutoka watakavyo. Bwana Ormond alikisukuma kigari chake ukumbini mara moja tu, na gavana akamzuia kwa mkono laini begani na kumrudisha. Hakujaribu tena. Alikuwa na umri ambao mtu akishakataliwa kwa upole hana tena nguvu ya kugombana.

Kila asubuhi Jokha alipiga hodi, akaitikiwa, akaingia na kuuliza, "Wamefungua?"

"Bado," alisema Bwana Ormond. Neno hili pia Jokha alikuwa amemfundisha. Mzee alisema ni zuri kuliko lao la Kiingereza, kwa sababu ofisini wakikwambia kwa Kiingereza kwamba si sasa, wana maana ya kukataa, lakini bado ina mlango ulioachwa wazi kidogo. Jokha hakumsahihisha. Alijua watu waliozeeka ndani ya bado.

Bwana Ormond alifariki Jumapili asubuhi, kengele ya kanisa la kaskazini ikilia kando ya televisheni. Alikuwa ameelekeza uso ukumbini. Jokha alimfumba macho, akakaa chini kwenye mchanga na kulia kwa sauti, kama wanavyolia kwao, na watu wa Odila walimwacha alie mpaka amalize.

Kisha alikwenda kwa gavana na kumwomba mzee azikwe pembeni ya mkewe. Ni hatua chache tu, alisema, na yeye mwenyewe atachimba. Gavana alipiga simu. Alizungumza kwa muda mrefu akiwa ameipa bandari mgongo. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, kwa kuwa, kama ilivyosemwa, hakuwa mtu mbaya.

"Nimewauliza hasa kuhusu wafu," alisema. "Amri inawahusu pia."

Basi Bwana Ormond alizikwa kwenye makaburi ya manispaa, siku ya mvua. Watu wa Odila walivaa nguo nyeusi na kulisindikiza jeneza mpaka mlangoni, wakasimama pale mbele ya ngazi. Hawakuwa na vibali vya kuingia Uingereza. Bi Placida aliimba wimbo wa maziko akiwa kizingitini, na sauti yake ilisikika mpaka ghorofa ya chini. Makaburini walikuwepo kasisi, dereva, na Jokha. Emérence alituma maua na pole. Jokha alijaribu kuitikia nyimbo za dini isiyokuwa yake, akachanganya maneno, na hapakuwa na mtu wa kumcheka.

Ofisi ya Emérence ilimpa Jokha mzee mwingine, mtaa wa pili, mtu asiyezungumza kabisa. Ile nyumba haikuweza kupewa mpangaji mwingine kwa kuwa ilikuwa na gavana. Wapitaji walizoea kuona mbuzi kwenye baraza ya juu, na bendera.

Ulipita muda. Siku moja asubuhi Jokha alishindwa kuvumilia. Lifti ilikuwa mbovu. Alipanda ngazi, akasimama mbele ya mlango, na kwa kuwa hakuwa tena na ruhusa ya kutumia ufunguo, alipiga hodi akiwa nje.

"Karibu!" sauti ikaitikia, ya mtu mwenye nyumba kubwa.

Mlango haukuwa umefungwa. Maji yalikuwa yamekupwa, na zulia lilikuwa na kaa wadogo. Bwana Ormond alikuwa ameketi kwenye kochi katikati ya wajumbe, amevaa suti aliyozikwa nayo, nywele zimechanwa. Halmashauri ilikuwa ikizungumzia barabara. Bi Placida alimsalimu Jokha kwa kichwa na kuendelea. Gavana alikuwa jikoni akisubiri birika lichemke, kofia yake juu ya friji.

Jokha alivua viatu. Alitazama ukumbini. Mbuzi mmoja alitoka chumbani chini ya utepe akitafuna, na nyuma yake, kabla mlango haujarudi, lilionekana kaburi limeota magugu mpaka kiunoni.

"Wamefungua?" aliuliza.

"Bado," alisema Bwana Ormond, na akasogea kidogo ili Jokha apate pa kukaa.