Treni Nyuma ya Tangi

Mtaa mzima ulimwita Bi Fyuzi, na jina hilo hakupewa bure. Kwa miaka thelathini alikaa katika chumba cha mbele cha nyumba yake, mlango ukitazama barabara, akisuka upya mota za pampu na feni zilizoungua. Ukimpelekea pasi iliyokufa asubuhi, jioni unanyooshea nguo. Na bado watu, Mungu awasamehe, walikuwa wakifika mlangoni wanamtazama juu mpaka chini, kisha wanauliza kama fundi yupo.

"Fundi katoka," alikuwa akiwajibu. "Nimebaki mimi ninayetengeneza."

Mumewe, Mzee Mataruma, alikuwa msimamizi wa njia ya reli kwa miaka arobaini. Alipostaafu, akili ilikosa pa kukaa. Asubuhi anakagua bawaba za milango, mchana analalamika kwamba ukuta wa jikoni umepinda. Bi Fyuzi akaona huyu mtu atamtia wazimu. Siku moja, kwenye duka la vitu vilivyotumika, akakuta sanduku la treni ndogo ya umeme: kichwa kimoja, mabehewa manne na reli za shaba za kuzungusha ua mzima. Akalibeba mpaka nyumbani.

Ndani hapakuwa na nafasi, ikabidi watandike uani, na hapo ubishi ukaanza. Kokoto na mataruma ya kulazia reli vilikuwa vya mzee. Alilala kifudifudi, jicho moja limefumbwa, akipima kama reli imenyooka. Umeme ulikuwa wa mke, na mke hakutaka mchezo. Transfoma aliiweka rafuni jikoni, pakavu. "Umeme wa ukutani hauvuki kizingiti hiki," alisema. Kilichotoka nje kilikuwa volti kumi na nane tu, umeme mpole usiomdhuru hata kuku, ndani ya bomba la plastiki lililofukiwa.

Siku ya kwanza treni iliondoka vizuri mlangoni, ikapita chini ya kamba ya nguo, lakini ilipofika nyuma ya tangi la maji ikawa inajikokota.

"Mota imechoka," mzee alisema.

"Mota umeisingizia. Kila kiungio cha reli kinamega umeme kidogo. Ukifika kule yamebaki makombo."

Akazungusha waya mnene kando ya njia yote, na kila baada ya hatua tatu akatoa tawi akalichomea kwenye reli kwa risasi ya kuunganishia nyaya. Tangu siku hiyo treni ikawa inakwenda mwendo mmoja mwanzo mpaka mwisho, na mzee akanyamaza, jambo ambalo si dogo.

Sasa, chuo cha ufundi cha mtaa wa pili kilikuwa hakina mwalimu wa umeme. Bi Fyuzi akaomba nafasi, akaambiwa hana cheti. Akarudi, akaambiwa vilevile. Alipokwenda mara ya tatu, mkuu wa chuo, binti wa umri wa kumzaa lakini mwenye msimamo, akamwambia atakuja Jumamosi aone kwa macho yake kazi moja aliyoifanya mwenyewe tangu mwanzo. Ikimridhisha, darasa ni lake. Isipomridhisha, basi tena, maana Jumatatu nafasi inakwenda kwa mwingine. Tusidanganyane: Bi Fyuzi aliitaka kazi ile mpaka usingizi ukamruka. Alichoka kuwa na ujuzi unaoishia kwenye pasi za watu.

Jumamosi mchana aliizungusha treni mara ishirini bila kasoro, ndipo akaingia ndani kuoga na kuvaa gauni lake la maana. Mzee alibaki uani na ufagio.

Mkuu wa chuo akafika na daftari mkononi. "Shikamoo mama. Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Nikuonyeshe transfoma kwanza, au twende moja kwa moja?"

"Twende, mama. Mimi nilisomea useremala, utanielewesha taratibu."

Bi Fyuzi akabonyeza kitufe mlangoni. Treni ikaondoka, ikapita chini ya kamba ya nguo, ikaingia nyuma ya tangi. Wakasubiri itokee upande wa pili. Haikutokea.

Alikwenda mbio na gauni lake. Kichwa kilikuwa kimenasa katikati ya kona, kimya. Akagusisha sindano za mita yake ya kupimia umeme kwenye reli: volti kumi na nane kamili. Umeme upo, treni imekufa.

"Pengine si siku yake, mama," mkuu wa chuo alisema kwa upole, akafunga daftari.

Bi Fyuzi akachuchumaa. Alikinyanyua kichwa cha treni, akaona magurudumu meusi. Akapitisha kidole juu ya reli, kikarudi na grisi, nzito, imekwisha kushika vumbi. Kopo la grisi ile alilijua. Lilitoka kazini siku mzee alipostaafu, likakaa chini ya kitanda. Hasira ilimpanda mpaka utosini.

Akamgeukia mumewe. Mzee Mataruma alisimama wima, anatazama bati la paa. Miaka arobaini aliwaongoza wanaume ishirini, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumsikia akikiri kosa. Bi Fyuzi akajikaza kisabuni.

"Ni uchafu kidogo," alimwambia mgeni. "Nilipaswa kukagua."

"Si uchafu," mzee alisema. "Ni grisi, na nimeipaka mimi. Kwenye njia yetu, reli ya kona lazima ipakwe, gurudumu lisiile. Nilitaka leo kona yake iwe safi kuliko zote. Hakujua. Kosa hili, mwalimu, usimwandikie yeye."

Kisha mkuu wa chuo akauliza, "Lakini mita si imeonyesha umeme upo?"

"Swali zuri hilo," Bi Fyuzi alisema. "Chuchumaa hapa."

Akatoa balbu ndogo yenye nyaya mbili zilizochongoka. Akazigusisha taratibu juu ya grisi, haikuwaka. Akazikandamiza mpaka zikatoboa, ikawaka. "Sindano ni kali, inachimba mpaka kwenye shaba. Gurudumu ni duara, linaelea juu ya grisi. Mita haikusema uongo, mimi ndiye niliyeiuliza vibaya. Haya, jaribu mwenyewe." Binti akajaribu mara mbili, akasahau sketi yake kwenye kokoto. Mzee naye akainama.

"Mbona zetu kubwa hazikuzimika?"

"Zenu zilikunywa dizeli, baba watoto. Hii inanyonya umeme kwa miguu."

Akasugua kona kwa kitambaa chenye spiriti, reli na magurudumu, akafungua umeme. Treni ikazunguka, ikazunguka tena. Mkuu wa chuo hakuitazama sana, alikuwa akiandika. Alipoinua uso aliuliza jambo moja tu: "Jumatatu saa mbili utaweza, mama? Wako thelathini na wawili."

"Nitaweza," Bi Fyuzi alisema, na hakujaribu kuficha meno.

Walipokwisha kumsindikiza mgeni mpaka getini, Bi Fyuzi alimuuliza mumewe kwa nini hakunyamaza, ilhali yeye alikwisha kumfunikia kosa.

"Ndiyo maana," mzee alisema. "Ungepoteza darasa lako ili mimi nisiaibike mbele ya mtoto."

Darasa alikuwa amelipigania, akalipata, na alijivunia. Lakini hapo getini, akimtazama mzee huyo aliyepakaa grisi mpaka kwenye kofia, fahari iliyomjaa kifuani haikuwa ya darasa. Alimshika mkono hadharani, mchana kweupe, majirani wakiona.