Vitatu Vilivyorudi

Mjukuu wangu alikuwa amewaandikia wawekezaji kumi na saba. Wawili walimjibu, na mmoja wa hao alijibu ili kumtakia heri tu. Aliyebaki ni mama mmoja mwenye maduka ya dawa, aliyeahidi kuja Alhamisi kukiona kifaa. Asipokubali, Ijumaa mjukuu wangu angempigia mwajiri wake wa zamani, aliyekuwa akingoja jibu lake, kusema anarudi kazini, na kampuni yake changa ingeishia hapo.

Ofisi ya kampuni hiyo ni chumba cha nyuma cha karakana yangu. Mimi ni fundi wa majokofu tangu ujana. Masomo ya umeme niliyapata shule ya jioni, nikiwa tayari na watoto watatu, na cheti changu kiko ukutani. Kifaa chenyewe ni kidogo, ukubwa wa kiberiti. Unakibandika ndani ya jokofu, na baridi ikipungua kinalia na kukutumia ujumbe kwenye simu kabla mali haijaharibika.

Jumatano mjukuu wangu alitoka kwenda kuchapisha karatasi zake za maelezo. Simu ya karakana ikalia. Alikuwa mwanamke.

"Hivi vifaa vyenu vya majokofu, vinafanya kazi kweli?"

Nikajua ni mteja. Mteja simdanganyi.

"Kwenye duka la dawa, vizuri sana. Wewe unauza nini?"

"Tuseme nyama."

"Basi subiri kwanza, mama. Buchani mlango unafunguliwa kila dakika, nacho kinalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Tumetoa kumi na viwili, vitatu vimerudi, vyote vya wauza nyama. Usinunue mpaka tukirekebishe."

"Wewe ni nani hapo?"

"Fundi."

Akashukuru, akakata.

Mjukuu wangu aliporudi alitazama namba kwenye simu, akaketi palepale sakafuni.

"Babu, huyu ndiye mwekezaji!"

"Hakusema."

"Na wewe ukamwambia vimerudi?"

"Kwani havikurudi?"

"Babu wewe! Wenzako wanatangaza biashara, wewe unatangaza msiba!"

Nikachukua karatasi yake. Iliandikwa: vifaa kumi na viwili vinafanya kazi. Niliisoma mara mbili, nikairudisha mezani. Ningeweza kumsema, lakini nilijua huenda nimemharibia.

Alhamisi mama yule alifika peke yake, kwa miguu. Mjukuu wangu akafungua kompyuta. Mama akaifunga taratibu kwa kiganja.

"Nionyeshe vile vitatu."

Mjukuu wangu alinitazama. Kisha akavitoa kwenye droo, akaeleza kila kimoja: kimetoka kwa nani, kimelia mara ngapi, yeye alikosea wapi. Alianza kwa kigugumizi, akamaliza akichora juu ya meza kwa chaki.

"Kinapima hewa, na mlango ukifunguliwa hewa ya baridi inatoka. Nyama yenyewe bado ni baridi."

"Utafanyaje?"

"Babu anasema kipimo kizamishwe kwenye kichupa cha maji, maana maji hayapati joto haraka. Nilimcheka. Nafikiri yuko sahihi."

"Unafikiri?"

"Sijajaribu. Nipe wiki mbili."

Mama akacheka kwa sauti. "Mwezi huu wamenijia watu tisa, na vifaa vyao vyote havina kasoro hata moja! Nilidhani nitazeeka sijamwona mtu aliyekosea. Naingia na pesa zangu. Wiki ijayo tuandikiane mbele ya wakili. Na hiyo karatasi yako hapo mezani, binti, irekebishe."

Alipoondoka, mjukuu wangu alinikumbatia mpaka miwani yangu ikapinda, akanitania kama kawaida yetu.

"Mume wangu, umeponea chupuchupu. Leo ningedai talaka!"

Nilivua miwani nikainyoosha. Nikabaki kwenye kiti, nikagundua kwamba tangu jana nilikuwa nimeuma meno. Taya ikalegea yenyewe. Yeye akaingia chumba cha nyuma kumpigia yule mwajiri wa zamani. Kupitia ukuta nilimsikia akisema "hapana" mara tatu, kila moja kwa adabu zaidi kuliko iliyotangulia.