Usikose Tukio la Wigi

Kwa miaka sita mji mzima uliamini kwamba hakuna anayeujua mchezo wa kuigiza kama Mjuzi. Kila Jumatano safu yake ya gazetini iliwaambia watu waende wapi, wasome nini, na wapi wasithubutu kupoteza jioni yao, na watu walitii. Alisifiwa hasa kwa jicho lake. Wahakiki wengine waliandika habari za nyuso. Yeye aliandika habari za migongo, za jasho la shingoni, za mguu unaotetemeka chini ya joho. Mwalimu mmoja wa chuo aliita hiyo falsafa.

Falsafa yenyewe ilikuwa hivi: Mjuzi hakuwa akienda kutazama kitu. Aliyetazama ni shemeji yake, mke wa mdogo wake, fundi wa mavazi katika ukumbi wa maonyesho, na yeye aliona migongo kwa sababu kazi yake ilikuwa kusimama nyuma ya pazia, sindano mdomoni. Kila Jumapili mchana Mjuzi alikuja kula kwa mdogo wake, akafungua daftari kabla hata ya kunawa, akasema, "Haya, shemeji, tumeona nini wiki hii?"

Hiyo "tumeona" ilimkera Fundi kuliko njaa ya shemejiye, na njaa yenyewe haikuwa ndogo. Kila Jumatano alisoma maneno yake mwenyewe chini ya picha ya Mjuzi aliyeshika kidevu. Mumewe alimwambia aache tu, mambo ya familia hayo, kisha akaomba aongezewe mchuzi.

Jumapili moja Fundi alisimulia mchezo mpya, alioutunga mkurugenzi wa ukumbi mwenyewe, wa mfalme anayekata roho taratibu mno. Alisema ulimchosha hadi akashona upya vifungo vizima. Halafu akachangamka. Mfalme anatoka, malkia anamfuata, anamvua wigi na kumwambia: miezi minne unaniahidi ndoa, kumbe hata nywele umeazima. Mfalme analia, anavaa wigi kisogo mbele, anarudi kufa. Mjuzi aliandika mbio mbio. Hakuuliza hayo yalitokea upande gani wa pazia, na Fundi hakukumbuka kumwambia, maana kwake yeye upande ulikuwa mmoja. Yalitokea nyuma. Waigizaji wa mfalme na malkia walikuwa wakimaliza ugomvi wao wenyewe wa mapenzi.

Jumatano gazeti likasema: "Usikose tukio la wigi. Ni miaka mingi jukwaa letu halijasema ukweli namna hii."

Jumamosi ukumbi ulifurika hadi ngazini. Mfalme alikufa kwa mwendo wake uleule, taa zikawashwa, na hakuna aliyeinuka. Mama mmoja akauliza kwa heshima zote wigi linavuliwa saa ngapi. Punde ukumbi mzima ulikuwa ukidai wigi kwa kupiga makofi. Mfalme alishika kichwa kwa mikono miwili, naye malkia akatoka kwa mlango wa nyuma na taji lake kichwani, moja kwa moja hadi barabarani.

Jumatatu mkurugenzi aliwakusanya wote katika chumba cha mavazi. Aliyepeleka siri gazetini, alisema, ni bawabu wa mlango wa nyuma, kwani ndiye anayepiga soga na wauza magazeti. Arudishe funguo kabla ya adhuhuri. Bawabu, mzee wa watu, alivua kofia akasema kwamba hajasoma gazeti tangu miwani yake ivunjike, na kwamba yeye alijua yule mfalme bado yu hai.

Fundi alijua kwamba akinyamaza kazi yake iko salama. Lakini wanasema kimya kingi kina mshindo mkubwa, na chake kilikuwa cha miaka sita.

"Ni mimi," alisema. "Na si wigi tu. Ile migongo yote ni mimi."

Mkurugenzi aliijua migongo hiyo. Safu zile alizikata na kuzibandika ukutani ofisini kwake. Aliwahi kubadilisha mwisho wa mchezo mzima kwa sababu ya sentensi moja kuhusu mguu. Aliwafukuza wengine chumbani, akakaa juu ya sanduku la viatu.

"Na huu wa sasa?" aliuliza. "Sema wewe, si yeye."

Fundi aliogopa, na papo hapo akafurahi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwuliza. Akamwambia. Mtu hafi dakika arobaini isipokuwa anawakomoa ndugu zake. Malkia hana la kufanya zaidi ya kusimama kama kabati. Maneno pekee ya kweli yaliyosemwa katika ukumbi ule msimu huu yalisemwa nyuma ya pazia, bure, bila watazamaji. Mkurugenzi alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema bawabu abaki na funguo zake, na Fundi akusanye sindano zake.

Alhamisi Fundi alikata tiketi akakaa mstari wa tatu. Kutoka mbele mchezo ulikuwa mbaya zaidi, maana sasa aliziona na nyuso. Gauni la malkia ndilo lilikuwa zuri. Alilishona yeye, na alilipigia makofi peke yake bila haya.

Jumapili Mjuzi alifika amenuna, lakini alifika. Fundi alimpa karatasi mbili. Alizisoma huku akitafuna, kisha akaacha kutafuna.

"Umeweka jina lako hapa, shemeji."

"Ndiyo."

"Na hapa umesema mimi sijaona mchezo wowote miaka sita."

"Ndiyo. Mhariri anayo nakala tangu juzi. Amesema itatoka Jumatano."

Mjuzi alimtazama mdogo wake, mdogo wake akatazama sahani.

"Sasa mimi nitaandika nini?"

"Andika ulichoona," Fundi alisema, akajipakulia.

Mjuzi alifungua daftari, akashika kalamu, akakaa nayo hivyo hivyo mpaka chakula chake kikapoa.